Saa Ambayo Hakuna Aliyeita Jina la Julien

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kituoni Goma, Jumapili tarehe 18 Novemba 2012, kuanzia saa tatu asubuhi.
Jina: Asumini Yuma. Umri: miaka 33. Kazi: mwenye chumba cha michezo ya kompyuta. Makao: kartie (mtaa) ya Katoyi. Ameolewa na Ridhwani Saleh, dereva wa lori. Ameapa kwa dini yake, Uislamu.
Mbele ya: OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) Thérèse Kahindo.

Mimi Asumini Yuma nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya jirani yangu Julien Nshobole, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mumemufunga tangu jana jioni. Munasema aliwaongoza majambazi kwenye depo ya Papa Kambale, yule muzee muuza maharagi aliyepigwa risasi. Mama OPJ, ninaogopa. Andika hilo kwanza.

Nyumbani kwangu, chumba cha mbele, nina mashini ine, kompyuta zile za kukunja. Vijana wanakuja kucheza mupira na mbio za magari. Watu wanafikiri kazi yangu ni kuwasha na kuzima. Hapana. Kazi yangu ni picha isirukeruke. Mutu yuko karibu kufunga goli, picha inakwama, ikirudi mupira uko mikononi mwa kipa. Hapo ni matusi, ni kiti kurushwa, na mimi ndiye ninayelaumiwa.

Mashini inahesabu picha inazotoa kwa sekunde moja, namba ya kijani inaonekana pembeni ya kioo. Zangu ni nzee. Nikiziacha zikimbie zinavyotaka, zinapanda hamsini, halafu zinaanguka kumi na tano, na macho yanachoka. Kwa hiyo nilizifunga kwenye thelathini. Nilitoa vivuli vya wachezaji, nikatoa mashabiki kwenye viti, wacheze uwanja mutupu. Thelathini iliyotulia, kijana anacheza saa nzima bila kumutukana mama yangu.

Lakini kuna mambo mawili yanayonishinda. La kwanza ni vumbi letu hili jeusi la volkano. Linaingia ndani ya mashini, linaziba feni, mashini inapata moto, na ikipata moto inapunguza mwendo yenyewe. La pili ni Julien. Yeye na mimi tuko kwenye laini moja ya courant, umeme mumoja. Akigusisha chuma tu, courant inashuka, chaja zangu zinakatika, mashini zinakimbilia betri, na zikiwa kwenye betri zinajibana. Namba inaanguka kumi na mbili. Basi vijana wote wanapiga kelele pamoja: “Julieeen!” Yeye anajibu toka ngʼambo ya ukuta: “Pole, wapendwa!” Kartie nzima inajua huo mchezo. Hata wamama wanaopita na maji wanamuitia.

Jana, tarehe 17, kulikuwa na mashindano kwangu. Mushindi angepewa jogoo. Mabomu ya vita na waasi yalikuwa yanasikika upande wa Kibati tangu asubuhi, watu wanashuka na magodoro kichwani, mbuzi, watoto. Nilitaka kufunga. Vijana wakaniambia, “Mama Asumini, tukikaa nyumbani tutakufa kwa kusikiliza.” Nikafungua. Kusema kweli, hata mimi sikutaka kukaa peke yangu. Bwana yangu yuko njia ya Butembo na simu yake haipatikani siku ya tatu sasa.

Karibu saa tisa nilienda kwa Julien nikamuomba: “Baba, nionee huruma, acha kuchomelea mpaka nusu fainali ziishe.” Akazima mashini yake. Nikamwambia tena kwamba mashini yangu moja, ile yenye kibandiko chekundu, ina moto hata kabla ya kucheza. Akasema, “Ilete jikoni, niitazame.” Akapita kwa mulango wa nyuma.

Alikaa jikoni kwangu, kwenye kigoda, toka saa tisa mpaka baada ya saa kumi. Alifungua ile mashini chini, akatoa skrubu zake akaziweka kwenye kisahani. Alipuliza vumbi kwa pampu ya mupira. Mimi nilikuwa ninaenda mbele ninarudi. Kati ya jikoni na chumba cha michezo kuna pazia, wachezaji hawakumuona. Nilimuona mimi peke yangu.

Sasa mulimuuliza kijana mumoja wa mashindano, akawaambia kwamba saa hiyo hakuna aliyeita jina la Julien. Hakusema uongo. Picha ilitulia kama maji ya ndoo. Thelathini, thelathini, thelathini, kwa mashini zote tatu zilizobaki. Miaka mine nimeitafuta saa kama hiyo. Nilisimama nikacheka peke yangu, na ndiyo saa Papa Kambale alipigwa risasi. Ninyi mukaandika kwamba Julien hakuwa kazini. Ni kweli hakuwa kazini. Alikuwa jikoni kwangu.

Nimesikia kwamba mukimuuliza alikuwa wapi, ananyamaza. Ananyamaza kwa ajili yangu. Mimi ni muke wa mutu, bwana yuko safari, na mwanaume alikuwa nyuma ya pazia langu. Jana usiku shemeji yangu alinishika mukono, akasema, “Ukienda kusema hivyo, kaka yangu akirudi hakuna nyumba tena.” Nikamujibu, “Na Julien akifa, mimi nitalala nyumba gani?” Sijui Ridhwani atasemaje. Ninaliogopa hilo kuliko mabomu. Lakini watu wanasema leo mutahamisha wafungwa. Wakati kama huu mutu akipakiwa kwenye gari akiitwa mutu wa adui, nani atamutafuta?

Kuna jambo lingine. OPJ ameniuliza mara mbili kama kweli ninataka liandikwe. Ninataka.

Kati ya wachezaji alikuwa mumoja anayeitwa Prodige. Jina lingine silijui. Anavaa nguo za kijeshi, sijui ni za nani, siku hizi kila mutu anazo. Alifungwa magoli matano kwenye mechi yake ya kwanza, akatoka amekasirika. Ilikuwa kabla tu ya saa tisa na nusu. Baada ya hapo nilisikia milio miwili, karibu sana, haikuwa ya Kibati. Vijana waliinama chini ya meza, kisha wakaendelea kucheza, kwa sababu picha ilikuwa nzuri.

Prodige alirudi mechi ya mwisho ikianza. Alikuwa anahema. Alikaa kwenye benchi langu, akanyoosha miguu, na mimi nikaona maharagi mawili mekundu yameshikwa kwenye kamba za buti yake. Moja lilidondoka sakafuni, likabingirika mpaka kwenye kandambili yangu. Yesu na Maria, watu wa hapa wangesema. Mimi nilisema Bismillah kimoyomoyo. Aliniona ninatazama.

Akasema, “Mama, umeona nini?”

Nikajibu, “Nimeona mupira, mwanangu.”

Akacheka. Akaokota lile haragi, akalitia mufukoni, akasema, “Mupira ni muzuri leo. Haukwami.” Nilirudi jikoni, nikamwambia Julien, “Rudi kwako, baba, mambo yameharibika.” Alifunga mashini haraka haraka, akatoka. Haikupita hata saa moja mukaja kumuchukua, kwa sababu eti kufuli ya depo ilikatwa na anayejua kukata chuma. Kukata kufuli! Hata mutu mwenye shoka anakata kufuli.

Jana usiku sikulala. Nikawasha ile mashini ya kibandiko chekundu ili nisisikie mabomu. Ilikimbia thelathini, haikushuka hata mara moja, na haikupata moto. Nikaigeuza kuipapasa chini. Inakosa skrubu moja, kwenye kona. Nimetafuta jikoni kwa tochi, kwenye majivu, kwenye kisahani, haiko. Kwa haraka niliyomutia, Julien aliondoka nayo. Mutu akikamatwa hapa munamutoa vitu vya mufukoni. Mashini nimeileta, ni hii hapa kwenye kitenge. Ninaomba vitu vya Julien vitazamwe.

Niliyoyaona kwa macho yangu yameishia hapo. Nimesomewa yote, hakuna neno lililoongezwa, na lile la Prodige lisifutwe hata nikija kuomba lifutwe.

Sahihi: Asumini Yuma

NOTI YA OPJ

Nimefungua bahasha ya vitu vya mshukiwa Nshobole Julien mbele ya shahidi. Kulikuwa na kitambaa, rozari, simu iliyozima, na skrubu moja ndogo nyeusi. Nimeiingiza mwenyewe kwenye kona ya mashini iliyoletwa. Imeingia na imekaza. Skrubu zilizobaki ni za aina hiyo hiyo. Mshukiwa, alipoonyeshwa mashini, alisema, “Mama Asumini, kwa nini umekuja?” akalia.

Nimeamuru mshukiwa aachiliwe.

Nilipokuwa ninaandika amri hiyo, mlinzi wa zamu ameingia kusema kwamba kuna kijana mwenye nguo za kijeshi mlangoni, hana haraka, anauliza tu kama Mama mwenye chumba cha michezo yuko humu. Mlinzi alikuwa amekwisha kumjibu kwamba yuko.

Nimewatoa shahidi na Nshobole pamoja kwa mlango wa nyuma. Mashini imebaki mezani kwangu. Maelezo haya nimeyaweka ndani ya nguo zangu.

Thérèse Kahindo, OPJ