Mama Mkwe na Sindano Kavu

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo Mayu, mama yangu. Najua barua hii utasomewa na Milembe, mjukuu wako aliye huko kwako likizo, akikugeuzia kwa Kisukuma, na najua atataka kuruka baadhi ya mistari kwa aibu. Milembe mwanangu, soma yote, bibi yako ni mtu mzima. Naiacha wazi ili na watu wengine wa Katoro waisome, maana wengi walinicheka barabarani bila kujua nilikuwa nasukuma nini.

Tangu urudi kwako Bukombe, uani kwetu pamepoa. Nikitoka asubuhi kwenda kuchomelea, bado natembea nimejibana upande wa kulia wa ukuta, kama vile utatokea mlangoni kwa jirani yetu Mama Shija tukutane uso kwa uso. Halafu nakumbuka haupo, nacheka peke yangu, na baada ya kucheka nasikia upweke. Sikutegemea kuja kumkumbuka mama mkwe kiasi hiki. Nawaza wenzangu watanionaje wakisoma haya, lakini ndiyo ukweli.

Nakumbuka siku walipokuleta. Ulikuwa umetoka hospitali baada ya kupatwa na kiharusi, mdomo umeenda upande, mguu na mkono wa kushoto havitaki kusikia lolote. Hospitali walikupa dawa za presha, wakatuonyesha mazoezi, wakasema tuwe na subira. Wajomba wa mke wangu walitaka upelekwe kwa mganga kule Kagongwa, wakisema huo si ugonjwa, huo ni upepo umetupiwa. Wewe ukamwambia binti yako jambo moja tu: "Nirudisheni kwangu nikiwa natembea." Wengine walidhani unaogopa kufa. Mimi nilielewa, Mayu. Ulikuwa unaogopa kuishi kwa mkwe.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini watasoma na wasiojua. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mmoja akipita huku, mwingine anapita kule. Wala si chuki. Mtu aliyekupa mke humzoei, basi. Ndiyo maana nilikupangia chumba kwa Mama Shija, ng'ambo ya ukuta, ili usilale chini ya bati langu. Yeye ndiye aliyekuogesha, kukuvika na kukufanyisha yale mazoezi. Lakini asubuhi Mama Shija yuko sokoni na dagaa wake. Binti yako alikuwa ametoka kujifungua kwa upasuaji, hata ndoo haruhusiwi kuinua. Shemeji zangu wote wako mbali. Tukatazamana, mimi na mke wangu, na kila mmoja akajua kilichobaki ni mimi.

Ile zahanati ya tiba ya Kichina niliijua kupitia wachimbaji wa dhahabu. Wananiletea karasha zao, zile mashine za kusagia mawe, nichomelee zikipasuka, na walikuwa wakisimuliana habari za sindano. Mmoja aliapa kwamba alipanda kutoka shimoni amepinda mgongo, leo anacheza mpira. Mwingine akasema yeye alichopata ni usingizi mzuri tu. Nikajisemea hata huo usingizi tutauchukua.

Tatizo likawa kukufikisha. Kukubeba siwezi, kukushika mkono siwezi. Basi nikafanya kazi ninayoijua. Nikachukua kiti cha chuma, nikakichomelea magurudumu mawili ya toroli na mikono mirefu ya bomba, mirefu kuliko ilivyohitajika, ili mimi niwe mbali kule nyuma na wewe uwe mbele unatazama barabara. Mama Shija akakukalisha kabla ya kwenda sokoni, akakufunga kanga kiunoni usidondoke. Tukatoka. Bodaboda wakaniuliza, "Baba Milembe, leo unauza nini?" Nikakaza mikono, nikasukuma. Wewe mbele ukajifunika kanga mpaka machoni, ukaanza kusali rozari kwa sauti ya chini. Sijui ulikuwa unaombea mguu au unaombea njia iishe.

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa haijaanza. Daktari Lin, yule mama wa Kichina, alikuwa na Kiswahili cha kutosha kununua nyanya. Nesi wake ni binti wa Moshi, Kisukuma hajui hata salamu. Na wewe Kiswahili unakisikia kanisani tu. Kwa hiyo daktari akaninyooshea kidole, akasema, "Mtoto, njoo, saidia mama." Nikamweleza mimi si mtoto, ni mkwe. Akasema, "Sawa, mkwe, njoo." Nikaona hatuelewani. Nikaomba kiti, nikakiweka nje ya pazia, nikakaa nimelipa pazia mgongo, uso wangu ukitazama picha ya mtu aliyechorwa mishipa mwili mzima. Hapo ndipo nikawa mkalimani wako.

Alianza, kama nesi alivyonieleza baadaye, kwa kukushika mkono, wa kulia halafu wa kushoto, akisikiliza mapigo ya damu kimya kimya mpaka nikadhani amelala. Halafu akasema utoe ulimi. Nikakwambia kwa Kisukuma, "Mayu, anaomba ulimi." Ukauliza, "Ulimi wa nani?" Nikasema wako. Ukasema hujawahi kumtolea mtu ulimi tangu ulipokuwa mtoto, na huyo mama umri wake unaheshimika. Nikatafsiri, nesi akashindwa kujizuia, akacheka. Mwishowe ukautoa. Nilijua kwa sababu daktari alisema "eeh" ndefu.

Yakaja maswali. Usingizi, sawa. Chakula, sawa. Kisha akauliza habari za choo, na akataka kujua kwa undani, kikoje na mara ngapi. Jasho lilinitoka ambalo halinitoki nikiwa mbele ya moto wa kuchomelea. Nikawaza, nikazunguka, nikamwambia yule mtu wa mishipa ukutani, "Mayu, daktari anauliza kama safari za nyuma ya nyumba zinakwenda vizuri." Kisha nikasikia sauti yako, kavu kabisa: "Mwambie njia iko wazi." Nikamtafsiria. Daktari akauliza, "Njia gani? Ya Geita?" Hapo ndipo wewe ulipocheka kwa mara ya kwanza tangu uugue. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, kimepinda, lakini nilikisikia, na nikamshukuru Mungu nikiwa pale pale kwenye kiti.

Sindano zikaingia. Ulinisimulia baadaye, yaani ulimsimulia binti yako kwa sauti kubwa ili mimi nisikie upande wa pili wa ukuta, kwamba zilikuwa nyembamba kama nywele na uchungu wake ni wa kuumwa na sisimizi. Ukalala nazo, zikatolewa. Nesi akasema, "Tayari mama, unaweza kuamka." Ukakataa kuamka. Nikauliza kuna nini. Ukasema, "Dawa iko wapi?"

Ulikuwa na haki ya kuuliza, Mayu. Sindano ya hospitali ina dawa ndani. Mganga wa kienyeji akikuchanja chale, hata kama ni kidogo tu, anapaka dawa juu yake, na chale bila dawa ni jeraha tu. Huyu amekutoboa kichwani, mkononi, mguuni, halafu amechomoa sindano kavu, akafuta na pamba. Nikamuuliza daktari. Akasema, "Hakuna dawa. Sindano tu." Nikakwambia. Ukasema, "Basi amesahau. Mwambie arudie, atie dawa, nitasubiri." Na kweli ukasubiri. Wachimbaji waliokuwa wakisubiri zamu nje wakaanza kugonga mlango wakiuliza kama kuna mtu amefariki.

Kesho yake ulikuja umejiandaa. Kwenye pindo la kanga ulifunga unga mweusi wa mganga uliotumiwa na wajomba, ukataka daktari akishachoma aupake. Nikatafsiri huku nimefumba macho kwa aibu. Nesi anasema Daktari Lin aliufungua, akaunusa, akaufunga tena vizuri, akakurudishia kwa mikono miwili. Hakukukaripia. Akaenda kabatini, akaleta kitu kama sigara kubwa ya majani yaliyosokotwa, akakiwasha, akakisogeza karibu na goti lako bila kukugusa. Moshi ukatoka mpaka kwangu. Nikakusikia unavuta pumzi ndefu. "Ee," ukasema, "sasa huyu ameanza kutibu." Tangu siku hiyo hukuuliza tena. Kwako wewe moshi ndio uliokuwa dawa, na sindano zilikuwa za kuifungulia mlango. Daktari nilipomweleza hivyo alifikiri kidogo, akasema si vibaya.

Jambo moja alilirudia kila tulipoaga, nami nalirudia hapa: "Vidonge vya presha, usiache." Alilisema hata kwa Kisukuma mwishoni, kwa matamshi ya ajabu, akiwa amefundishwa na wewe.

Tukaendelea wiki baada ya wiki. Kuna siku uliona unapona, kuna siku mguu ulikaa kama gogo na ulirudi nyumbani ukilia chini ya kanga, nami nyuma yako nasukuma na sina neno la kukufariji, kwa sababu mkwe hamfariji mkwe. Nilitaka sana kusema kitu. Nilichoweza ni kukwepa mashimo ya barabarani.

Halafu ikaja ile siku. Daktari alikuwa amekwambia usimame, ushike ukingo wa kitanda, upige hatua. Mimi nipo kwenye kiti changu nje ya pazia, nahesabiwa kama samani. Nikasikia nesi anasema, "Mama, taratibu," nikasikia kitanda kinasogea, na kabla sijafikiri lolote nilikuwa upande wa pili wa pazia na wewe uko mikononi mwangu. Ulikuwa umeniangukia kifuani. Mwepesi, Mayu, sikujua umekonda kiasi kile. Nyumbani kwenu jambo lile lingeitishiwa kikao. Nilitaka kukuachia, lakini nikikuachia unaanguka. Nikitazama chini naona miguu yako, nikitazama juu naona uso wako. Nikafumba macho.

Ndipo ukamgeukia yule binti wa Moshi, asiyejua hata neno moja la Kisukuma, ukamwambia kwa utaratibu kabisa: "Mwambie mkwe wangu anishike vizuri chini ya kwapa, maana kushoto ndiko kubovu." Binti akaitika, "Ndiyo, mama," bila kuelewa. Nikakushika vizuri. Ukamwambia tena: "Mwambie asitembee haraka, hapa si kwenye mashindano." Sikutembea haraka. Tukafika dirishani. Ukamwambia, "Mwambie turudi." Tukarudi. Mpaka leo yule binti anaamini kwamba siku ile ulikuwa unamsifu yeye.

Hatukulizungumza tena, wala hatukuitisha wazee. Lakini kuanzia hapo kiti kile cha magurudumu kilibaki uani, kuku wakakigeuza kiota, nasi tukawa tunakwenda kwa miguu, wewe na fimbo yako mbele, mimi nyuma hatua kadhaa, tayari. Siku uliyopanda gari la Ushirombo kurudi kwako ulipanda mwenyewe. Utingo alitaka kukuvuta mkono, ukampiga jicho akajiondoa. Mimi nilisimama mbali kwa heshima, nikajifanya nakagua tairi.

Watu wananiuliza ni kipi kilichokuinua. Sijui, na sitadanganya. Pengine ni vidonge, pengine ni mazoezi ya Mama Shija, pengine ni sindano na moshi wake, pengine ni ule ubishi wako wa kutotaka kulala kwa mkwe. Najua pia kwamba mkono wa kushoto bado haushiki ungo, na kwamba jioni mguu huwa mzito. Daktari Lin anakuulizia kila nikipita. Anasema bado kuna nafasi, usikate tamaa na huo mkono. Mimi namwamini. Nikiwa naangalia ulivyokuja na ulivyoondoka, naona sina sababu ya kutomwamini.

Nina furaha, Mayu. Nataka ulisikie hilo kutoka kwangu na si kupitia kwa ukuta wala kwa binti yako. Nilikuwa nakuheshimu kwa sababu desturi imeniambia. Sasa nakuheshimu kwa sababu nakufahamu, na bado nitakupisha njia.

Jumamosi tunakuja kumchukua Milembe, likizo imekwisha. Ameniambia kwenye simu kwamba siku hizi unakwenda kwenye jumuiya kwa miguu, ingawa unapumzika njiani. Mara zote mbili tulizokuja tangu urudi, wakati wa kuaga ulibaki mlangoni, na binti yako alilia njia nzima, maana kwenu mgeni husindikizwa, na anayeagwa mlangoni anajiona kama amefukuzwa. Safari hii naomba utusindikize. Si lazima mpaka barabarani. Fika kwenye ua wa minyaa wa jirani, au pale kisimani, au popote mguu utakapokuambia basi. Tutakwenda kwa mwendo wako. Tukikosa gari la mchana tutapanda la jioni, na tukikosa la jioni tutaomba pa kulala kwa katekista.

Wabeja sana, Mayu, asante kwa yote. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mkweo,
Baba Milembe
Katoro