Pikipiki ya Majini Sebuleni Kwetu

Naomba msaada wako, mshauri wangu mpendwa wa gazetini, kwa sababu kila ninayemsimulia anacheka kabla sijafika katikati, na wewe angalau ukicheka sitakusikia. Nina miezi minne ya ndoa, na mume wangu ukimwona anavyonikunjia nguo zilizokauka kwenye kamba utadhani ndoa tumeigundua sisi. Yeye ni mtunza ghala wa duka la vigae, mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani sebuleni, nina cherehani moja na mashine ya overloki, ile ya kufunga pindo zisifumuke, niliyoipata baada ya miaka mitatu ya kushonea watu wengine, na hiyo overloki ndiyo iliyoniletea kazi yangu kubwa, sare za shule.

Sasa Jumapili moja tulikuwa tunatembea tumeshikana mikono, tukapita kwenye uwanja wa mtu anayeuza vyombo vilivyotumika, wenyewe wanamwita Kapteni, tukaiona pikipiki ya majini, ile wanayopanda watu wawili ikakimbia juu ya maji, ya buluu iliyoiva, mimi nikasema, "Jamani, ona ilivyo nzuri!" Mume wangu akaniangalia kwa macho yale, mshauri, macho yale, akamwambia Kapteni tunaichukua. Nikauliza kama tunaweza kuisikia ikiunguruma, Kapteni akashika kifua. "Shemeji, unataka kuiua? Hii haiwashwi nchi kavu hata sekunde moja, injini inaungua yote. Iingizeni majini ndipo mtaisikia inavyoimba." Tukaona huyu ni mkweli, angetaka kutudanganya si angeiwasha?

Maji ya kuiingiza yako mwendo wa nusu siku kwa basi, kwa hiyo tukaiweka sebuleni, ikabidi tung'oe mlango na fremu yake, na meza yangu ya kukatia vitambaa ikahamia jikoni. Wifi yangu alipokuja alisimama hapo palipokuwa na mlango akasema, "Wifi, umeletewa mke mwenza, mbona hamkunialika?" Nilicheka, ingawa iliniuma kidogo, ila yeye hajui raha yetu. Kila jioni mume wangu akitoka kazini anavaa jaketi lake la kuokolea maisha majini, anafunga mikanda yote mitatu, ananipandisha nyuma yake, anawasha feni itupige usoni, ananiambia, "Nishike kiuno mke wangu, tunakata kona," nami namshika, na naapa napata kizunguzungu cha mapenzi. Sijawahi kumwambia kwamba maji yakinifika magotini napiga kelele.

Wiki iliyopita alikuja fundi wa boti, akafungua injini, akauliza, "Hii mliitoa wapi, chini ya bahari?" Maji ya chumvi yaliingia ndani, pistoni zimeganda kwa kutu, inatakiwa injini nyingine. Mume wangu alinyong'onyea hadi nikataka kulia. Akanishika mkono akasema, "Ulivyoipenda siku ile, siwezi kukuangusha. Tuuze overloki kwa sasa, pikipiki ikipona tutaikodisha, tutanunua overloki mbili." Mnunuzi anakuja kuibeba Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Bila mashine hiyo sare sitazimaliza, na mwalimu mkuu ameshasema nikichelewa kazi anaipeleka kwingine. Lakini mapenzi ni kujitoa, si ndiyo? Kwa hiyo siulizi niuze au nisiuze, naomba tu unifundishe maneno matamu ya kumwambia mume wangu nikimkabidhi mashine, ili asijisikie vibaya hata kidogo.

Mke Mwenye Furaha

*

Mke Mwenye Furaha, nimecheka, na bahati yako kweli hukunisikia. Maneno matamu sina. Ninayo machungu, kaa uyasome, ila usikae juu ya hiyo pikipiki.

Umenunua kitu cha injini bila kusikia injini, kwa ushahidi wa anayekiuza, halafu ukamsifu kwa ukweli! Nimempigia simu fundi wa boti ninayemfahamu. Anasema pikipiki ya majini huwashwa nchi kavu kwa sekunde chache, na zaidi kidogo ikiunganishwa mpira wa maji wa kuipoza. Kapteni wenu analijua hilo vizuri. Hakuiwasha kwa sababu haiwaki.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Mwanaume anayefunga mikanda mitatu ya jaketi la kuokolea juu ya zulia, wewe unadhani ni mwogeleaji? Huyo anaogopa maji kuliko wewe, mwanangu. Na ni wapi aliposema anaitaka pikipiki? Amesema "ulivyoipenda." Wewe ulisifu rangi, yeye akasikia agizo. Yeye akanunua, wewe ukadhani ni ndoto yake. Sasa watu wawili wanaoogopa maji wanauza mashine ya kazi ili wakazame pamoja, kila mmoja akimfurahisha mwenzake. Ningeyaita mapenzi, lakini nina wasomaji wenye akili.

Mumeo si mtu mbaya. Anayekunja nguo bila kuambiwa, mshike. Lakini mume mzuri huweza kuwa na wazo bovu, na si kazi ya mke kulishonea wazo bovu gauni. Unataka kutoa sare za shule nzima na miaka mitatu ya kuinamia cherehani za watu, ili pistoni zipate nyumba mpya. Utaikabidhi overloki ukitabasamu, mwezi ujao utaanza kumkunjia uso kila akipita, naye hatajua amekosa nini, kwa sababu ulitabasamu. Nyumba nyingi nilizoziona zikivunjika zilianza hivyo. Hakuna hata moja iliyovunjwa na mke aliyesema hapana mapema.

Leo akirudi, kabla hajavaa jaketi, mwambie: "Mume wangu, mimi naogopa maji." Basi. Usiongeze shairi. Nyamaza umsikilize, nadhani atashusha pumzi mpaka pazia litikisike. Kisha mpigieni simu mnunuzi, wote wawili mkiwa hapo, mwambieni overloki haiuzwi. Kwa Kapteni nendeni na yule fundi wa boti aliyewafungulia injini, mchana, wateja wake wakiwepo, mumtake aichukue pikipiki yake. Akikataa, iuzeni kama ilivyo na mseme wazi kwamba injini imekufa. Bodi, kiti na usukani vina wanunuzi. Msimfiche mtu, Kapteni mmoja anatosha. Rudisheni mlango, na hiyo meza ya kukatia itoke jikoni kabla watoto hawajaenda shule na sare zinazonuka vitunguu. Mkitaka kushikana viuno, kochi linafaa, na feni mnayo.

Anwani yako umeiandika nyuma ya bahasha, na si mbali na ofisi yetu. Nina kitambaa cha gauni kinachotaka overloki pindo zote. Nitakuja nacho mwenyewe kabla mwezi huu haujaisha, na nitasimama hapohapo mpaka ukishone.