Mama, Si Mafuta Yaliyomchukua Atupele

Goba, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu salamu yangu umekataa kuipokea, na sikulaumu. Magoti yanakusumbuaje na mvua hizi za Tukuyu? Baba mdogo aliniambia umerudi kuchuma chai mara tu baada ya matanga, hata watu wa mbali hawajaondoka. Nilishukuru, kisha nikaumia, maana nakujua: jambo likikuzidi unabeba kikapu unaingia shambani. Huku mie na mjukuu wako Neema tu wazima wa mwili. Anakula, shule anakwenda, na wiki iliyopita jino la mbele limemng'oka.

Barua hii nampa mchungaji wenu aliyekuja mkutanoni huku, aiweke mkononi mwako. Tafadhali isome mwenyewe, hata kama itakuchukua siku mbili. Usimpe mtu akusomee. Ukifika mbele utajua kwa nini.

Pale msibani ulisema mbele ya watu kwamba nimemwua mdogo wangu kwa manukato, kwamba nilimtoa hospitali nikamfungia ndani na vichupa vya mafuta. Wanawake waliokuwa wanamenya ndizi waliacha kumenya, wakanitazama. Nami nikainamisha kichwa, sikujibu neno. Najua walivyonielewa. Sasa nataka nikueleze ilivyokuwa.

Atupele alipohama kutoka Kibamba na mwanawe Neema kuja kukaa kwangu, lile titi lilikuwa tayari limeshafanyiwa kila ambacho madaktari walikuwa nacho. Alikuwa bado anatamani kurudi kufundisha darasa lake la pili, akaja na chaki kwenye mkoba. Kisha kidonda kikafunguka. Daktari akatuita sote wawili, akatukalisha, akasema polepole kwamba ugonjwa umekwenda mbali, na kazi iliyobaki ni kumpunguzia maumivu. Atupele akauliza, "Kwa hiyo nisimwandikie mwalimu mkuu?" Daktari akasema angemwandikia yeye mwenyewe. Tulipotoka nje akanishika mkono. "Mama asijue. Akipiga, mwambie naendelea vizuri."

Ndiyo maana kila ulipopiga ulisikia anaendelea vizuri.

Hospitali hatukuiacha, Mama. Tuliendelea kwenda kila tulipopangiwa. Ile dawa ya maji ya maumivu aliinywa kwa saa zake mpaka siku ya mwisho. Muuguzi alinifundisha kuosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na kusaga vidonge fulani ninyunyizie juu yake ili kupunguza harufu.

Harufu ndiyo ilikuwa shida. Nakuandikia wazi kwa sababu wewe ni mama yake. Kidonda cha ugonjwa ule kinanuka, na hakuna usafi unaokimaliza. Nyumba yangu unaijua kwa picha, ni vyumba viwili na sebule. Jirani alikuja kuniuliza kama kuna panya amefia darini. Nikamwambia ndiyo, tunamtafuta. Nadhani Atupele alisikia, kwa sababu tangu hapo alikataa dirisha lake lifunguliwe. Neema alikuwa akirudi shule anasimama mlangoni kwa mama yake, amejiziba pua kwa ukosi wa shati, anasema "Shikamoo mama," anakimbia. Nilimkemea. Atupele akasema, "Muache. Usimlazimishe mtoto."

Siku moja asubuhi namfunga kitambaa kipya, nimemwinamia, nikajikuta nimebana pumzi. Sikukusudia. Akaniangalia machoni kwa karibu vile. Akasema, "Pumua tu, dada. Mie mwenyewe naisikia."

Nilikwenda kazini na maneno hayo. Unakumbuka kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya bandarini, huko Kurasini. Siku hiyo nilikosea namba ya kontena mara mbili. Mteja aliyekuwa mbele yangu alikuwa Bi Sakina, mama wa Kihindi mwenye duka la vipodozi, ambaye mizigo yake inapitia kwetu miaka mingi. Mwingine angegomba. Yeye alivua miwani akaniuliza, "Tusekile, wewe una nini?"

Nikamweleza yote, mpaka la kubana pumzi. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Chumba kina dirisha?"

"Kina."

"Mnafungua?"

"Anakataa. Anaogopa majirani."

"Basi kwanza fungua dirisha. Ninachotaka kukupa hakifanyi kazi ya dirisha."

Alimuuguza mama mkwe wake kwa ugonjwa huohuo, ndivyo alivyojua. Kesho yake akaniletea vichupa vinne vidogo, mafuta ya kunukia yaliyokamuliwa kwenye maua na majani: lavenda, chungwa, mkaratusi na mchaichai. Akanisimamisha pale mezani kama mwanafunzi. "Sikiliza. Hii si dawa. Haiponyi hata mafua. Usimnyweshe, usimpake kidonda, mtoto asishike. Matone matatu kwenye bakuli la maji ya moto, bakuli likae mbali na kitanda. Kwa kumkanda miguu, tone moja ndani ya kijiko cha mafuta ya nazi, basi. Na umwulize mwenyewe anataka ipi. Pua ni yake."

Nilisikiliza, lakini nilikuwa na pupa. Nilipofika nyumbani niliona matone matatu yatafanya nini mbele ya harufu ile. Sikumwuliza Atupele kitu. Nikamimina karibu nusu chupa ya mkaratusi kwenye beseni la maji yanayochemka, nikaliweka chini ya kitanda, nikafunga mlango. Haikupita muda nikasikia anakohoa. Alikohoa mpaka kitambaa cha kidonda kikalowa damu, macho yanamtiririka. Nilipolitoa lile beseni mbio akasema, "Dada, ungeniambia tu nihame." Alitaka kucheka, kifua kikamkatalia.

Na ni saa hiyohiyo shemeji wa Kibamba, wa upande wa baba yake Neema, alibisha hodi, amekuja kumwona mgonjwa. Akakuta nyumba nzima inawasha macho, mgonjwa anakohoa, mie nimeshika beseni. "Mnamfanya nini?" akauliza. Nikasema, "Ni mafuta namwekea." Nikaishia hapo kwa sababu nilikuwa na haraka na nilikuwa na aibu. Akaondoka na maneno hayo matatu, na nadhani yalikufikia yakiwa mengi.

Jioni ile nilimwomba Atupele msamaha. Nikampa vile vichupa vyote vinne avinuse mwenyewe, vikiwa vimefungwa, kimoja kimoja, kwa mbali. Mkaratusi hakutaka hata kuuona. Lavenda alisema inanukia kama ofisi ya mkurugenzi. Alipofika kwenye mchaichai alikaa nao muda mrefu, kichupa kimelala kifuani. Akasema, "Hii ni chai ya mama." Nikanusa na mie. Kweli, Mama, ilikuwa ni ile chai yako ya asubuhi ya kanisa.

Kuanzia hapo tulifuata kama tulivyoelekezwa. Matone matatu asubuhi, matatu jioni, bakuli kwenye stuli karibu na mlango. Dirisha akakubali lifunguliwe. Harufu ya kidonda haikuisha, nisikudanganye, lakini ilirudi nyuma, ikawa kitu unachoweza kukaa nacho. Nikitoka kazini namkanda miguu, mmoja baada ya mwingine, naye ananisimulia watoto wa darasa lake, nani mwizi wa penseli, nani anaimba kuliko wote. Nilimfahamu mdogo wangu katika wiki zile kuliko miaka yote niliyompigia simu Jumapili.

Siku ya nne au ya tano Neema alirudi shule, akafika mlangoni, akasimama. Akanusa. Hakuvuta ukosi. Akauliza, "Mama, umepona?"

Atupele akamjibu, "Hapana. Ila chumba kimepona. Njoo."

Akaingia, akapanda kitandani upande usio na kidonda, akatoa kitabu chake cha kusoma. Akamsomea mama yake ukurasa mzima kwa kidole, na pale alipokosea Atupele akamsahihisha kwa ile sauti yake ya ualimu. Mie nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Mama, ninayokuandikia sasa ndiyo sababu nimekuomba usome peke yako.

Jumapili iliyofuata, tumetoka kula, Atupele aliniita. Akasema, "Sasa unaweza kumwita mama. Nilikuwa sitaki anikute nanuka. Mwambie aje."

Nikasema sawa. Na sikukupigia. Sijui nikuelezeje. Kazini kulikuwa na meli mbili zimechelewa na mizigo imelundikana, na niliwaza magoti yako kwenye basi siku nzima, nikasema mwisho wa mwezi nitaomba ruhusa nikufuate mwenyewe. Lakini hizo ni sababu za mdomoni tu. Ukweli ni kwamba chumba kilikuwa kinanukia vizuri. Alikuwa anamaliza bakuli la uji. Mtoto anasoma kitandani. Bi Sakina aliniambia mara ya kwanza kabisa kwamba haya mafuta hayaponyi, nami nilimwitikia, lakini pua yangu haikumsikia. Nikaona tuna muda.

Kila siku akawa ananiuliza, "Umempigia mama?" Nikawa namjibu, "Kesho." Siku ya tano niliona haya kusema kesho tena. Nikamwambia, "Nimempigia. Anajiandaa."

Basi akaanza kukungoja. Alitaka nimtafutie gauni lenye shingo ya juu ili usione kidonda. Alimfundisha Neema kukuamkia Kinyakyusa, mtoto akawa anaimba salamu nyumba nzima. Kila alivyofurahi ndivyo mie nilivyoshindwa kusema ukweli.

Jumamosi ya wiki ya pili, asubuhi, ndipo nilipokupigia. Unaikumbuka simu hiyo. Nilikwambia ujiandae, wiki inayokuja nakuja kukuchukua. Ukauliza, "Kuna nini?" Nikasema hakuna, Atupele amekukumbuka tu. Nilipokata simu nilijisikia mwepesi. Nikamwambia, "Mama amepanda basi leo." Nilidhani nitazunguka, nitasema basi limeharibika njiani, mradi nifike kwako nikulete. Ndivyo nilivyopanga, mtu mzima mie.

Mchana hali ikageuka. Pumzi zikawa fupi, miguu ikawa baridi hata nikiikanda. Nilimpigia muuguzi wetu, akaniambia nimpe ile dawa, nikae naye, nisimwache peke yake. Neema nikampeleka kwa jirani. Kwenye saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, alifungua macho akaniuliza, "Mama amefika wapi?"

Nikasema, "Morogoro."

Akasema, "Basi amekaribia."

Nilimshika mkono mpaka ukawa mkono tu.

Sasa umejua. Si mafuta yaliyomchukua mwanao. Ugonjwa ndio uliomchukua, na hakuna kichupa kilichomwongezea wala kumpunguzia siku. Lakini alikuita, Mama, na mie sikukuita. Ungemkuta. Siku kumi na tatu zilikuwepo, na basi ni la siku moja. Alikufa anakungoja kwa sababu ya uongo wangu, nawe uliletewa sanduku kwa sababu ya uzembe wangu. Pale msibani, kama ningejibu kwamba manukato hayakumwua, ningelazimika kusema na haya mengine, nawe umekaa kwenye mkeka na watu wamekuzunguka. Nikaona afadhali nibebe kosa ambalo si langu kuliko kukupa lililo langu saa ile. Labda na hapo nilikosea.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Shule zikifungwa nitamleta Neema. Nitamfikisha mpaka mlangoni kwako, na usiponitaka nitalala kwa baba mdogo, kesho yake nirudi. Yeye akae na wewe likizo nzima.

Nisalimie baba mdogo, umwambie nashukuru kwa kuchagua mahali pa kaburi penye kivuli. Nisalimie mama mkubwa wa kule bondeni, na yule binti yake anayekushonea. Mwalimu wa kwaya umpe salamu zangu kwa wimbo aliouanzisha wakati sote tumeshindwa. Na shemeji wa Kibamba, mkiongea, msimlaumu, alisema alichokiona.

Neno lililobaki ni la Neema. Juzi alikuwa anavaa viatu vya shule, akaniuliza kama bibi amemkasirikia na yeye, maana siku ya mazishi alikuamkia kwa ile salamu aliyofundishwa na mama yake, nawe hukuitikia. Najua hukumsikia, siku ile hukuwa unasikia mtu. Nimemwambia bibi hajakasirika, anamngoja. Nimeshasema, Mama, na sikukuuliza kwanza. Nakuomba usiliache hili nalo liwe uongo.

Ni mimi, mtoto uliyebakiwa naye,
Tusekile