Mtutu Niliokataa Ubadilishwe

Baba Furaha, mume wangu uliyetangulia,

Mi kalamu sijawahi kuishika, unajua. Furaha binti yetu njo anaandika, na nimemwambia aandike vile ninavyosema, asinipake poda. Jumapili ni ibada ya kukukumbuka hapa kambini Dzaleka, na barua hii itasomwa mbele ya watu. Wote wanajua habari ya mguu wa Bisimwa, mdogo wako. Wanajua ulimkosa nguruwe pori kwa sababu mkono wako ulitetemeka, na nguruwe akampasua Bisimwa paja. Wewe mwenyewe ulisema hivyo mpaka siku ya mwisho. Si kweli. Ukweli ninao mimi, na nimeukalia miaka.

Unakumbuka bunduki ya baba yako? Ile yenye kitako kilichopasuka, tukakifunga kwa waya wa shaba. Ilikuwa na karatasi zake za serikali, na kijiji kizima kilikutegemea nguruwe wakiingia kwenye mihogo. Ukirudi, unaiegemeza ukutani, mi naichukua. Nafunga kitambaa kwenye fimbo ya chuma, nakichovya kwenye maji ya moto, majivu na mchanga laini wa mtoni, naiingiza kwa mdomo wa mtutu, nasugua kama ninavyosugua sufuria. Wanawake wengine waliogopa hata kuigusa. Mi nilijivuna.

"Mama Furaha, utaitoboa!"

"Nyamaza. Mume mchafu ananitosha, sitaki na bunduki chafu."

Kisha risasi zikaanza kupotea. Ulisimamisha ubao nyuma ya nyumba, ukalaza bunduki juu ya gunia la mchanga, ukapiga mara tano. Tundu moja huku, lingine kule, na moja lilikuwa refu kama harage, kana kwamba risasi ilifika imelala ubavu. Ulisimama pale ukilitia kidole lile tundu. Ukaipeleka Bukavu kwa fundi, Bisimwa akakusindikiza. Mlirudi na jibu: mtutu umeisha, utiwe mwingine, na bei yake ilikuwa ng'ombe wetu, yule mmoja tuliyekuwa naye.

Nikakunyang'anya bunduki, nikachungulia ndani kuelekea mwangaza. Kuling'aa kama kikombe cha padri.

"Huu njo umeisha?" nikakuuliza. "Fundi anatafuta nyama ya bure. Macho yako njo yameisha."

"Amesema mistari ya ndani, ile inayozungusha risasi, haishiki tena."

"Mistari! We unapiga nguruwe ama unasoma daftari? Ng'ombe haitoki hapa."

Ulinitazama. Ungenibishia, ningepiga kelele weee, halafu ningekubali, unanijua. Lakini ulinisikiliza. Hiyo njo inanichoma.

Hata mwezi haukuisha. Bisimwa alikuwa anamfukuza nguruwe kutoka upande wa mto, mi niko pembeni na wanawake wenzangu, nimeshika fimbo. Nguruwe akatoka. Si mbali, kama kutoka hapa mpaka pale bombani. Ulipiga, udongo ukaruka kando. Nguruwe akamgeukia Bisimwa. Ulipoweka risasi ya pili, mi niliuona mkono wako, Baba Furaha. Ulikuwa umetulia kama wa mtu anayemimina maziwa. Ukakosa tena.

Ulimbeba mdogo wako mgongoni, damu inashuka mpaka kwenye visigino vyako, unasema njia nzima, "Mkono wangu, mkono wangu." Mi nilijua haukutetemeka. Nikajiambia basi ni macho, na nikanyamaza. Kesho yake ukampelekea chifu bunduki, hukuishika tena.

Tukakimbia vita, tukafika huku Malawi. Hapa Dzaleka ulikataa kushika kitu chochote kinachovunjika. Furaha alipojifungua nilikuletea mtoto, ukaficha mikono nyuma kama mwizi. "Mpe mwingine," ulisema. Furaha alilia siku mbili, akidhani unamkataa mtoto kwa sababu baba yake ni Mrundi. Andika, Furaha, usiruke. Na Bisimwa, na mkongojo wake, alikuwa anakusalimia kama mtu anavyosalimia polisi.

Halafu Furaha akahamia Lilongwe, kule mtaa wa Nsungwi, nami nikaenda kukaa naye. Nikapata kazi ya kufagia kwa fundi mmoja wa bunduki. Alishakaa Mbeya, kwa hiyo Kiswahili tulielewana. Asubuhi moja akaja mwindaji mzee kutoka vijiji vya Dowa. Fisi alikuwa anauma watu kwao, na yeye alishamkosa mara mbili. "Macho yangu yamekwisha," alisema kwa Kichewa, lugha ya huku niliyokwisha kuizoea. Nikasimama na ufagio wangu.

Fundi akachukua risasi, akaichomeka kwa ncha kwenye mdomo wa mtutu. Ilitakiwa iingie ncha tu, isimame. Ikazama mpaka shingoni, ikawa inacheza kama jino la mtoto.

"Nani anaisafisha?" fundi akauliza.

"Mke wangu."

"Kwa chuma? Anaingizia huku mdomoni?"

"Ndiyo, na majivu. Anapenda ing'ae."

Fundi akacheka. "Basi mke wako ameila kuliko risasi zote ulizopiga! Mistari ya mdomoni amesugua mpaka imefutika. Risasi inatoka kama mlevi. Macho yako hayana kosa, mzee."

Fundi akaendelea: angeweza kukata mdomo kidogo tu, lakini huku nyuma, risasi inapoingilia, nako kumeungua. Kukata ni kujidanganya, dawa ni mtutu mpya. Mzee akazungusha kofia mikononi. "Nitajaribu hivi hivi," alisema. "Mara moja tu."

"Bambo, mzee wangu, badilisha!" Sauti ilinitoka yenyewe.

"Agogo, bibi wewe, nani kakuuliza?" fundi akasema.

"Hakuna. Badilisha! Fisi hatakungoja ujaribu. Na mke wako usimtukane, mwonyeshe tu namna ya kusafisha."

Akaiacha pale itiwe mtutu.

Wiki hiyo hiyo nikarudi Dzaleka. Ulikuwa mkekani, kifua kimekubana. Mimi ninayemwambia mchungaji usoni kwamba mahubiri yake ni marefu, nikaanza kumenya ndizi.

"Unanificha nini?" uliuliza.

"Nimekuletea ndizi."

Ulikula nusu. Kesho yake ukaniuliza tena, nikakupa ile nusu iliyobaki. Niliogopa utageukia ukutani, ufe umenikasirikia. Nikachagua ufe ukijichukia wewe mwenyewe. Hivyo njo nilivyokupenda siku zile za mwisho, vibaya hivyo. Siku ya sita tukakuzika.

Barua ilikuwa imeishia hapo. Furaha ananiongezea haya, maana jana mi mwenyewe nilienda kwa Bisimwa. Mtu haambiwi habari ya mguu wake katikati ya kanisa. Alikuwa kwenye cherehani. Nikamweleza yote, majivu, ng'ombe, fundi wa Lilongwe. Hakuinua kichwa mpaka nguo ikaisha.

"Ile ng'ombe mlifanya nayo nini?"

"Tuliiacha tulipokimbia."

Akacheka, kicheko kibaya.

"Shemeji, mi nilikuwa Bukavu naye. Nilisikia kwa masikio yangu fundi akisema mtutu umeisha. Na watu wakiniuliza, miaka yote hii, nilisema ni mkono wa kaka."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mtu wa kumkasirikia. Bunduki utaikasirikiaje? Na yeye alikubali haraka sana."

"Unanisamehe?"

"Hapana. Usinisukume." Akanyoosha kiganja. "Lete hiyo barua. Mi njo nitaisoma Jumapili. Furaha ana sauti ndogo, wa nyuma hawatasikia."

Furaha akimaliza mstari huu anampelekea. Sijui atafika wapi kabla sauti haijamkatika, wala atanitazamaje akimaliza. Nitakaa benchi la mbele, anione vizuri.

Pumzika, mzee wangu. Nimechelewa, lakini nimesema.

Mkeo,
Mama Furaha