Chuma cha Upande wa Kushoto

Ndugu yangu Emojong,

Wameweka. Nimekiona kwa macho yangu leo asubuhi, injini yenu ilipotoka upande wa Tororo ikasimama hapa Malaba. Chuma cha kushikilia, pale kando ya ngazi, upande wa kushoto. Ni kipya, hata rangi hawajapaka. Niliacha koroboi niliyokuwa nikilehemu, nikalia mbele ya wateja.

Injini yetu ndogo ya bati, mfano wa hiyo yenu, bado ninayo. Tuliianza kwa mchezo tu, mimi na mabati yangu, wewe na macho yako ya mtu wa reli. Ulikuwa msumbufu, wewe! Taa ya mbele ulinifanya niirudie hadi nikachoka. Ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, ndogo kama punje ya mahindi, uliikataa kwa sababu mkono wake ulilala, na kwenye injini yenyewe unasimama. Nikakutukana kwa Kikhayo, ukacheka. Lakini vyuma vya kushikilia ulivikata mwenyewe kutoka spoki za baiskeli, ukavikunja, nikavilehemu vyote isipokuwa kimoja. Nikakuuliza kwa nini.

"Kule kazini kilivunjika, na nimewaambia wakubwa mpaka nimechoka," ulisema. "Siku wataweka kule, hata sisi tutaweka hapa."

Ukakitia kwenye kopo la ugoro.

Kisha ikanyesha siku ile. Ulipanda upande wa kushoto, injini ikitembea, na mkono wako ukaenda pale ulipozoea kushika, ukashika hewa, ukaanguka. Wewe uliyejua kuliko sote kwamba hakipo. Hapo ndipo ninapokwama kila siku, ndugu yangu. Kichwa kilijua, mkono ukasahau.

Kwenye matanga kule Chakol, mama yako alitaka injini ikae juu ya jeneza. Akanishika shati: "Wandera, maliza hiyo kitu. Mtoto wangu asiende na kazi haijaisha." Nikamkatalia, nikamweleza ulivyosema. Hakunisemesha tena. Tulikuzika bila injini, nami nikarudi Malaba nikijiona mtu mbaya.

Leo nimefungua lile kopo. Nimepasha risasi ya kulehemu, nikaiacha ikapoa, nikapasha tena. Niliogopa. Kikishaingia hicho, hakuna kazi yetu tena iliyobaki, mimi na wewe. Nimekaa na spoki kiganjani nikikulaumu kwa kuniachia. Halafu nimekilehemu. Kimekaa sawasawa, ulikipima vizuri.

Kesho napanda baiskeli hadi Chakol, nimpelekee mama. Nitamwonyesha kwa kidole, naye akitaka kunifukuza, anifukuze injini ikiwa mikononi mwake.

Sijakipaka rangi, kwa kuwa kule hawajapaka. Nakuahidi nitakuwa nikichungulia kila injini yenu inapopita, na siku wakipaka, nitakuja Chakol na brashi.

Pumzika, Emojong. Kipo sasa.

Ni mimi, Wandera