Waliopona kwa Kifungu cha Saba

Jumatatu, 3 Machi
Mkataba mpya wa huduma za zahanati umepita! Kifungu cha saba ni changu, neno kwa neno: mgonjwa wa sonona asipofika mara mbili mfululizo, faili lifungwe, aandikwe "amepona". Muuguzi mmoja akanyoosha mkono — je, kama hakufika kwa sababu amezidiwa? Nikamwambia aliyezidiwa huja mbio. Ukumbi mzima ukacheka. Akakaa, kanywea. Nilifurahi, siwezi kujidanganya humu.

Alhamisi, 20 Machi
Mama kapiga tena. Mdogo wangu haogi, hali, anakodolea ukuta. Kitindamimba huyo, kadekezwa, uvivu tu! Nimemwambia ampeleke zahanati akajaze dodoso. Si ndiyo huduma tuliyoiweka? Mimi nina ripoti.

Jumanne, 15 Aprili
Kumbe alikwenda. Muuguzi yule yule alikaa naye saa nzima, na aliporudi nyumbani aliomba chai mwenyewe. Mama analia kwa furaha. Saa nzima! Mkataba unasema dakika kumi. Nimempigia mganga mfawidhi — muuguzi kahamishiwa kitengo cha chanjo. Sheria ni msumeno.

Jumatano, 14 Mei
Asilimia tisini na moja wamepona!! Mkuu kanipongeza mbele ya ofisi nzima. Keshokutwa kuna wageni. Anataka mgonjwa mmoja asimame awaeleze alivyopona, nimchague mimi.
Mama kapiga mara tatu. Nimezima simu hadi asubuhi.

Alhamisi, 15 Mei
Orodha haina majina. Namba ya faili, umri, simu ya ndugu wa karibu, basi. Nikamchagua wa faili namba arobaini na mbili: miaka ishirini na mbili, alifika mara moja tu, kapona upesi. Mfano safi. Nikampigia ndugu yake kwa simu ya mezani.
Ikaita ndani ya mkoba wangu.
Aliandika namba yangu. Si ya mama — yangu mimi.
Nimempigia mama. Anasema muuguzi alipoondolewa, mtoto alikataa kurudi, hakutaka mtu mwingine. Tangu alfajiri kajifungia chumbani. Haitiki. Jirani kaenda kutafuta nyundo.
Nikamtafuta muuguzi kwa simu. Nyuma yake watoto wanalia kwenye foleni ya sindano. Nimemsihi aende, ni mwendo wa dakika tano. Mdogo wangu atamfungulia yeye! Akanijibu taratibu: aje mwenyewe, dada. Faili lililofungwa halifunguliwi mpaka mgonjwa afike kwa miguu yake. Ndivyo mlivyotuandikia. Akakata.
Naogopa. Naandika kwa sababu miguu imekataa kuniinua.
Mkuu kachungulia mlangoni. Mgonjwa wetu kapatikana? Nikaitikia kwa kichwa — kwa nini niliitikia? Kasema nimwambie avae vizuri.
Mkoba unaita tena. Ni mama. Inaita, na mimi bado nime—