Mama Anataka Kuhama Kigongo, Mimi Sitaki

Mpendwa mshauri, Mwalimu Renatha, shikamoo. Kwa miaka mingi nimesoma safu yako huku nikiwacheka wanaokuandikia, nikijiambia kwamba mtu mzima hawezi kushindwa na mambo ya nyumbani kwao, lakini leo nimeshindwa, na ninakuja kwako kuomba msaada.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na saba, mtumishi wa umma hapa Dodoma, mzaliwa wa Kigongo, pale ambapo magari yalipanga foleni kusubiri kivuko cha kwenda Busisi kabla daraja halijafunguliwa. Marehemu baba alifanya kazi kwenye kivuko, akifunga kamba na kuyapanga magari, na mpaka leo nikiegesha gari naisikia sauti yake: "Njoo, njoo, kata kulia, hapo hapo, simama!" Mama yangu, Wilhelmina, aliwakaangia abiria sato, naye hakuwa na saa, kwa maana kivuko ndicho kilichompa saa: kikipiga honi ng'ambo alichochea moto, kikifika katikati ya maji alitia samaki kwenye mafuta, na kilipogusa gati samaki walikuwa tayari, wa moto, na yeye amekwisha kusimama kwenye dirisha la basi na sinia lake, wakati wenzake bado wanapuliza kuni.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mawe makubwa yaliyoteremka mpaka ziwani, na sisi watoto tuliyapa majina, Jiwe la Kwaya ambapo dada yangu Sabina na wenzake waliimba nyimbo za Jumapili, Jiwe la Nahodha ambapo nilisimama mimi na kuwaamuru wenzangu washuke kwa mstari, na lile jiwe pana lililohifadhi joto la jua, ambalo tulilalia kifudifudi tukitoka kuogelea, tukasubiri kukauka, kisha tukaenda nyumbani kudanganya kwamba hatukugusa maji. Mama hakubishana nasi. Alitukwaruza mkono kwa ukucha, na mstari mweupe ulipotokea tulijua tumekwisha. Mwalimu, wakati mwingine nafumba macho ofisini na ninaweza kutembea kutoka gatini mpaka mlangoni kwetu bila kujikwaa, nikapita penye kibanda cha karanga, nikapita penye mpapai uliopinda, nikaingia katika lile jiko lenye harufu ya moshi, mafuta ya samaki na udongo mbichi. Nyumba yangu ya Dodoma ina vigae, lakini haina harufu yoyote.

Sasa tatizo. Baba alifariki miaka tisa iliyopita, tukamzika pale pale uwanjani, kama ilivyo kwetu Wasukuma, na kabla ya kufa aliwaambia ndugu kwamba mimi, mtoto wa kwanza, nitakuwa na neno la mwisho juu ya mji wetu, yaani nyumba na uwanja wake. Tangu daraja lifunguliwe magari yanapita juu, wauzaji wameondoka mmoja mmoja, na jirani wa mwisho, mzee Chenge, amehamia Sengerema kwa mwanawe. Mama ana miaka sabini na tisa na anaishi peke yake. Sabina, aliyeolewa Kisesa, anataka kumchukua, nami nilikataa, nikasema mila haimruhusu mwanamke kukaa chini ya paa la mkwe wake. Basi shemeji yangu Paulo, mtu asiyependa maneno mengi, akajenga vyumba viwili pembeni mwa uwanja wake, vyenye jiko na mlango wa peke yake, kisha akanipigia simu: "Shemeji, nimejenga. Mlango unatazama barabarani. Mama akitaka, hatauona uso wangu mpaka Krismasi." Badala ya kumshukuru nilikasirika, na mpaka sasa sijui kwa nini.

Tena Sabina alimpelekea mama jiko la gesi, nami nikamwambia aliondoe, kwa sababu kila Krismasi ninapofika nataka kulikuta jiko kama lilivyokuwa, na mafiga yake matatu. Mwezi uliopita mama aliungua mkono kidogo akiinama motoni, lakini amepona. Mke wangu, Dorcas, aliposikia hayo aliniuliza mezani mbele ya watoto, "Baba Queen, hivi wewe unampenda mama yako au unalipenda jiko lake?" Siku mbili sikusema naye. Mama mwenyewe nilipompigia alisema, "Mwanangu, feri ndiyo iliyokuwa ikinisemesha. Siku hizi najikuta nimebandika mafuta, nimekaa nasubiri, halafu ndipo nakumbuka kwamba hakuna anayekuja. Naomba uniruhusu niende." Nikamwambia avumilie, Krismasi tutazungumza.

Ninaogopa, Mwalimu. Mama akiondoka mlango utafungwa, nyumba itaanguka baada ya masika mawili, na mimi nitakuwa mtu asiye na kwao. Niwaambieje ndugu zangu ili wanielewe, na mama abaki?

Ni mimi, J. M., Dodoma

*

Mwalimu Renatha anajibu:

Bwana J. M., marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hilo hilo, upande wa Bukoba. Mahali nilipojifunza kutembea pana kituo cha mafuta sasa. Nikipita hapo, hugeuza uso nikatazama upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo usidhani kwamba unayemwandikia hajui maumivu yako.

Mara ya pili niliisoma kama nilivyosoma insha za wanafunzi kwa miaka thelathini na minne, nikitafuta jambo ambalo mwandishi amelificha. Nimelikuta karibu na mwisho, katika sentensi moja fupi. Mama yako ameungua mkono "kidogo". Kidogo kwa kipimo cha nani? Chako, uliyekuwa Dodoma? Kikongwe wa miaka sabini na tisa anainama kwenye mafiga, jirani hana, na jiko la gesi lililoletwa na binti yake wewe umeamuru liondolewe, ili siku chache za likizo yako ya Krismasi ziwe na harufu unayoipenda. Mkeo alikuuliza swali la haki, ukamnunia. Nenda kamwombe radhi, na watoto wawepo kama walivyokuwapo siku ile.

Umejificha nyuma ya mila. Mila ya kumheshimu mkwe naifahamu na siidharau, lakini aliyeitii hapa ni Paulo. Amejenga, ametenga mlango, amejiondoa hata machoni pa mama mkwe wake. Ulikasirika kwa sababu alikunyang'anya kisingizio chako cha mwisho. Ndiyo sababu usiyoijua, sasa unaijua.

Umelitaja na neno la baba yako. Lisome vizuri. Alikupa neno la mwisho juu ya mji wake. Hakukupa neno la mwisho juu ya mke wake.

Kuitamani Kigongo ya zamani si kosa, na sitakuambia uiache. Ulikuwa mtoto mwenye bahati, na mtu aliyelelewa hivyo lazima apakumbuke. Lakini angalia tofauti iliyopo kati yako na mama yako. Wewe unaikumbuka honi, yeye anaingoja. Wewe ukifumba macho unayaona mabasi na abiria. Yeye akiyafumbua anaiona gati tupu, kila asubuhi, na hana ofisi ya kurudi. Umemweka mlinzi wa utoto wako, naye amechoka kulinda.

Unaogopa kuwa mtu asiye na kwao. Basi fanya kazi ya mwenye kwao. Jengea kaburi la baba yako uzio imara. Kila mwaka wakusanye ndugu mkapalilie hapo, na mama awepo kama ana nguvu. Rekebisha paa kabla ya masika, funga mlango, ufunguo mmoja kaa nao wewe na wa pili mpe Sabina. Wapeleke watoto wako wakalale humo, waonyeshe mawe na uwaambie majina yake, kwa maana nina hakika hujawahi kuwaambia. Umebakiza miaka mitatu kustaafu. Ikiwa kweli unaona mahali pale panamfaa mtu mzima kuishi peke yake, ukistaafu nenda ukaishi wewe.

Ya leo ni haya. Usingoje Krismasi, omba ruhusa kazini juma hili. Kabla ya kusafiri mpigie Paulo simu, mwambie asante, na usiongeze neno "lakini". Ukifika Kigongo mwache mama achague vitu vyake mwenyewe. Akitaka kubeba kila kitu, beba. Akitaka kuacha kitu ambacho wewe unakithamini, kiache kilipo, wala usianze kumsimulia habari za kitu hicho. Atalia, na huenda nawe ukalia. Hiyo isiwe sababu ya kuahirisha safari.

Wala usimuulize kama anataka kuhama. Amekwisha kukujibu, tena kwa kukuomba ruhusa, jambo ambalo mama hakupaswa kulifanya kwa mtoto aliyemzaa. Muulize ni lini. Akisema kesho, iwe kesho.